Gobore Moja, Ghala Moja, Michezo Minne: Uchague Upi?

Wachezaji wanne wamefika kwenye ghala la korosho lililotelekezwa miaka mingi, nje kidogo ya Mikindani. Bati la upande mmoja limeezuliwa na upepo. Ndani kuna magunia ya katani yaliyooza na mzani mkubwa wa chuma, na nyuma ya mzani kuna gobore limeviringishwa kwenye kanga. Jina la kanga limefifia, yamebaki maneno mawili tu yanayosomeka.

Sehemu hii ya hadithi nimeiendesha mara nne nikiwa msimulizi, kila mara kwa mchezo tofauti wa mezani wa kuigiza wahusika. Ghala ni lilelile, gobore ni lilelile, wachezaji karibu wote ni walewale. Kilichobadilika ni swali la kwanza la mchezaji baada ya kulifungua lile furushi. Katika mchezo mmoja aliuliza, "Baruti ipo ya kupiga mara ngapi?" Katika mwingine, "Hiki ni kitu gani?" Katika wa tatu, "Hili ni la nani?" Na katika wa nne, "Tukilipeleka nyumbani litatufaa nini?"

Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia. Kabla hujanunua kitabu au kuwakusanya watu jioni nzima, jiulize unataka kundi lako liulize swali lipi likiingia gofuni.

Kwa aliye mgeni: nazungumzia michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile iliyowekwa katika dunia iliyokwisha kuanguka. Vita au maradhi yameshapita, na waliosalia wanaishi kwa kuokota vilivyoachwa. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea dadu ndizo zinazoamua. Sisi tunachezea barazani, juu ya mkeka, na taa ya sola katikati. Meza si lazima.

Baruti ya kupiga mara ngapi?

Twilight: 2000 ni mchezo wa watu wanaopenda hesabu, na nasema hivyo kwa heshima. Ulitoka Marekani mwaka 1984 kwa kampuni ya GDW, enzi za vita baridi. Toleo la nne, ambalo ndilo nililolichezesha, limetolewa na Free League ya Sweden mwaka 2021. Vita kuu ya tatu imepiganwa, majeshi yamesambaratika, na wahusika ni askari na raia waliobaki njiani huko Poland au Sweden bila makao makuu ya kuwapa amri.

Humo bunduki ina jina lake halisi la kiwandani, uzito wake, umbali wake na kiwango cha uimara wake. Mchezaji akifyatua mfululizo anaongeza dadu za risasi, na jumla ya namba zake ndiyo idadi ya risasi zilizotoka. Dadu tatu zikija tano, tano na nne, basi risasi 14 zimekwenda, hata kama aliyelengwa alianguka kwa ile ya kwanza. Na ukiamua kurusha dadu mara ya pili ili ulazimishe bahati, namba moja zikitokea zinakula uimara wa bunduki, mwishowe inakukwamia mkononi.

Kundini tulikuwa na kijana aliyetoka kumaliza JKT. Alikuwa na daftari la hesabu la miraba, na kila risasi aliyoipata aliichora kijiti, vijiti vinne akivikata kwa cha tano. Kule ghalani aliuliza habari za baruti, akauliza fataki, akauliza kama mtutu umeshika kutu ndani. Nilipomjibu akalirudisha gobore kwenye kanga yake. "Mzigo huu hautulipi, kaka. Twende." Kwa mchezo ule alikuwa sahihi kabisa.

Gofu nalo linatazamwa kwa jicho hilohilo: lina mafuta, dawa, vipuri? Linafaa kulala? Ramani imegawanywa kwa pembesita za kilomita 10, na hili nalipenda, maana kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama pembesita moja, na hadi Lindi, kwa barabara, ni kama kumi. Mchezaji wa hapa anauhisi umbali huo miguuni. Mafuta ya gari yakiisha, watu wanachemsha pombe kali ya kuendeshea injini, na mtu wa kwetu anaelewa mara moja kwa sababu anajua mabibo yanavyogeuka kuwa nipa: pipa, moto, bomba la kupozea, na siku zinazokwenda wakati unasubiri. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mafuriko, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, magari yakakwama. Waliokuwa njiani wiki ile hawahitaji kuelezwa kwa nini mchezo unahesabu lita.

Uchague huu ikiwa wachezaji wako wana subira ya daftari. Wasipokuwa nayo, utawachosha kabla ya saa tatu usiku.

Hiki ni kitu gani?

Gamma World ni mkongwe kuliko wote hapa. James M. Ward na Gary Jaquet waliutunga, na kampuni ya TSR ya Marekani ikautoa mwaka 1978, miaka miwili baada ya Metamorphosis Alpha, mchezo mwingine wa Ward huyohuyo. Hadi mwaka 2010 ulikuwa umefikisha matoleo saba, kwa hiyo ukisikia mtu anausifia, muulize ni toleo gani. Mimi nazungumzia lile la mwanzo.

Dunia yake ni ya mbali sana. Ustaarabu ulioanguka ulikuwa na silaha za leza na mashine zinazotembea zenyewe, na wahusika wako ni watu, wanyama wenye akili, au viumbe waliogeuka maumbile. Wote hawajui vitu vya kale vilitumikaje. Kwa ajili hiyo mchezo una kitu ambacho sijakiona kikifanywa vizuri zaidi mahali pengine: mchoro wa njia. Mchezaji anaposhika kifaa kigeni anarusha dadu na kusogea kutoka kiduara hadi kiduara. Njia moja inampeleka kwenye kukielewa, nyingine inamrudisha nyuma, na nyingine inaishia kwenye ajali. Bunduki inaweza kumjeruhi anayeichunguza kabla haijamgusa adui.

Ugumu wake ni kwamba mhusika hajui lakini mchezaji anajua. Ukisema "bunduki" mambo yamekwisha. Msimulizi inabidi aeleze kitu bila kukitaja. Siku moja nilieleza kigae cheusi, chepesi, laini kama sabuni iliyoanza kutumika, upande mmoja kina vijicho vitatu vya kioo. Wakakipeleka kwa mganga wa kijiji, wakakifunga kwenye kitambaa chekundu, wakakitunza. Zilipita dakika 20 nzima kabla binti mmoja hajashika mfuko wake wa sketi na kunyamaza. Lilikuwa ni umbo la simu.

Hisia hiyo nimewahi kuipata macho makavu, Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa karne ya 14, lina birika la pembe nane lililochimbwa upande wa juu ya bahari. Unasimama ukingoni, unaona ngazi, unaona chokaa iliyosuguliwa, na kichwani unaanza kukisia nani alikaa wapi na maji yalifikaje pale. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yapo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na kwa msimulizi wa michezo hii ni shule. Ukuta wa matumbawe usio na paa unakuambia zaidi ukionyesha tundu la boriti kuliko ukisema tu "nyumba imebomoka". Ukiandaa Gamma World, andaa hivyo: tundu la boriti, ngazi isiyofika popote, kipande cha bakuli la kaure kilichobanwa kwenye chokaa.

Hili ni la nani?

Apocalypse World wa D. Vincent Baker ulitoka mwaka 2010, na toleo la pili, aliloandika pamoja na Meguey Baker, likafuata mwaka 2016. Unahitaji dadu mbili za kawaida. Ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka chini msimulizi anapata nafasi ya kukutia matatani. Msimulizi mwenyewe harushi dadu kabisa.

Silaha zake zinaandikwa kwa mstari mmoja: kiasi cha madhara, kisha maneno mawili matatu. Bastola ina madhara 2, ni ya karibu, ina kelele. Basi. Mtu akisoma haraka ataona ni umaskini wa sheria, lakini lile neno "kelele" lina kazi kubwa kuliko jedwali zima la Twilight: 2000. Ukifyatua, kila aliye karibu amesikia, na msimulizi ana haki ya kumleta. Risasi hazihesabiwi moja moja. Kinachohesabiwa ni nani amejua kwamba unayo bunduki.

Kwa mtu wa Lindi hili halihitaji maelezo marefu. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbini, Kilwa, mwaka 1905, waliokuwa na mikuki na magobore walikutana na bombomu za Wajerumani, na hadithi za wazee hazianzi na idadi ya risasi. Zinaanza na nani alikuwa na nini, na nani alimwamini nani. Vita vyenyewe sijawahi kuviingiza mchezoni na sitaviingiza, maana waliokufa ni babu zetu. Lakini uzito huo wa silaha, kwamba ni uhusiano kati ya watu kabla haijawa chuma, Apocalypse World unaubeba vizuri kuliko mingine yote mitatu.

Magofu hayachorwi mapema. Msimulizi anauliza na wachezaji wanajibu, na majibu yao yanakuwa kweli ya dunia. Kule ghalani sikueleza gobore limetoka wapi. Nilimgeukia dada mmoja ambaye mhusika wake ni fundi, nikamuuliza: "Kanga hii umewahi kuiona wapi?" Alikaa kimya, akaishika kanga yake mwenyewe begani, kisha akasema, "Ya mama mkubwa. Alijifunga siku aliyoondoka." Hakuna aliyezungumza kwa muda. Hatukurusha dadu hata moja kwa nusu saa iliyofuata, na hadi leo wenzangu wakisema "usiku wa kanga" sote tunajua ni upi.

Tahadhari mbili, na naomba zizingatiwe. Kitabu kina lugha ya matusi, na kila aina ya mhusika ina kanuni inayohusu tendo la ndoa. Si kitabu cha kuachia wadogo. Kanuni hizo unaweza kuziruka na mchezo ukasimama bila shida, lakini msimulizi azisome kwanza. La pili, Kiingereza chake ni cha mtaani na kimejaa mikato, kwa hiyo kukigeuza Kiswahili papo kwa papo mbele ya watu ni kazi. Mimi niliandika hatua zote za wahusika kwenye karatasi mbili kwa Kiswahili changu kabla ya kikao, na ilinichukua Jumapili mbili.

Tukilipeleka nyumbani?

Huu wa nne ndio ninaoupendekeza kwa kundi jipya la Mtwara au Lindi, na nitauelezea kwa kirefu.

Mutant: Year Zero ni wa Free League pia, wa mwaka 2014, lakini ukoo wake unaanzia kwenye mchezo wa Kiswidi uitwao Mutant wa mwaka 1984. Wahusika ni watu waliogeuka maumbile wanaoishi kwenye makazi yaitwayo Safina. Nje ya Safina ni Zoni, yaani mji uliokufa, wenye magofu na uozo unaoingia mwilini kidogo kidogo. Watu wa Safina hawazai na wanazidi kupungua. Kwa hiyo kila safari ya magofuni ina sababu: nyumbani kuna wanaosubiri.

Kitu ukikiokota una hiari. Ukibaki nacho, kinakusaidia wewe. Ukikikabidhi, kinainua maendeleo ya Safina katika mojawapo ya mambo manne: chakula, utamaduni, ufundi au vita. Na kila kikao wachezaji wanaamua Safina ijenge nini. Hapo ndipo mkeka wetu unapogeuka kuwa baraza la kijiji. Tulibishana saa nzima kama gobore lile libaki kwa mpiga risasi wetu au liwekwe kwenye ghala la Safina wote wajifunze kutengeneza mengine. Mjomba mmoja aliyekuja kutazama tu, asiyewahi kushika dadu, aliingilia kati: "Mkimwachia mmoja, siku akigombana na mkewe mtalala wapi?" Tukaliweka ghalani.

Dadu zake ni za pande sita, lakini kwa rangi tatu: za mwili wako, za ujuzi wako, na za chombo unachotumia. Unatafuta sita. Usiporidhika unaweza kulazimisha, yaani kurusha tena zile ambazo hazijaleta sita, isipokuwa dadu za mwili na za chombo zilizoonyesha namba moja, hizo zinabaki mezani zilivyo. Ukishalazimisha, kila namba moja iliyo kwenye dadu za mwili inakuumiza, na kila namba moja iliyo kwenye dadu za chombo inakichakaza chombo. Gobore lenye dadu mbili linabaki na moja, kisha linabaki chuma na mti. Hakuna jedwali la kutazama, unaona kwa macho yako silaha ikifa mkononi.

Na risasi ni pesa. Safina nzima inauziana kwa risasi, hivyo kila unapofyatua umefyatua akiba yako. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba, na mwaka 1944 baadhi ziliokotwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, serikali iliyozifua ikiwa imekwisha zamani. Zile zilidumu kuliko wenyewe. Pesa ya Mutant: Year Zero ni kinyume chake, ikitumika kwa kazi yake haipo tena, na wachezaji wanajifunza haraka kutafuta njia ya maneno kabla ya njia ya mtutu.

Kwa upande wa magofu, kitabu kinakupa ramani za London na New York, na kinakuhimiza utumie mji wako. Fanya hivyo. Sisi tulichora Zoni ya Mtwara kwa penseli: bandari, Shangani, Ligula, barabara ya Mikindani, hadi Msimbati. Kila mraba una majedwali ya kukusaidia kujua kuna nini, lakini uzuri wa kwetu ni kwamba nusu ya majedwali hatuyahitaji. Tunayo njia ya reli.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa sababu hiyo, na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Baadhi ya mashine za kusafishia pori zilitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, zikaitwa Shervick. Silaha ikafanywa jembe, na jembe likashindwa: ukame, udongo ulioganda, vipuri visivyofika. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa. Msimulizi wa kwetu hana haja ya kubuni ustaarabu ulioanguka. Ana tuta la reli lisilo na reli.

Nilipoendesha kikao cha tuta lile, Safina yetu ilikuwa na njaa. Wachezaji walifukua kifaru-jembe kilichozikwa nusu, mizizi imepita kwenye minyororo yake. Wakagawanyika: wawili wanataka kukirudisha kuwa kifaru, wawili wanataka kilime. Katika Twilight: 2000 tungeuliza lita. Katika Gamma World tungeuliza kazi yake. Apocalypse World ungeuliza nani alikizika. Hapa mchezo uliwalazimisha wachague kati ya vita na chakula kwa namba za Safina yao wenyewe, na mwishowe walichagua chakula.

Dadu, vitabu na watu ulionao

Vitabu vyote vinne ni vya Kiingereza. Kiingereza cha Mutant: Year Zero ndicho chepesi zaidi kukieleza kwa Kiswahili. Karatasi za wahusika wa Apocalypse World zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo asiye na pesa ya kitabu anaweza kuonja. Twilight: 2000 unadai dadu za pande sita, nane, kumi na kumi na mbili, na Gamma World nao hauchezeki kwa dadu za ludo peke yake. Dadu hizo sijaziona kwenye duka lolote hapa mjini. Programu ya simu itakusaidia, ila simu ikizima chaji katikati ya mapigano jioni imeharibika.

Upo pia mchezo wa Fallout wa mezani, wa Modiphius, mwaka 2021, uliotokana na ule wa kompyuta. Kama wenzako wamekulia kwenye ule wa kompyuta watafurahi tangu dakika ya kwanza. Wasipoujua, sioni sababu ya kuanzia hapo.

Watu wawili au watatu mnaojuana sana, watu wazima, na jioni moja tu: Apocalypse World. Watu wanne hadi sita watakaorudi kila wiki: Mutant: Year Zero. Gamma World niuweke kwa kikao kimoja kimoja cha sikukuu, ukiwa na msimulizi anayeweza kueleza simu bila kusema simu. Twilight: 2000 umngoje mtu mwenye daftari la miraba, akija utamjua.

Kuhusu zile rangi tatu za Mutant: Year Zero, usisubiri kuagiza nje. Nunua seti kadhaa za ludo, upate dadu 18. Sita ziache nyeupe ziwe za mwili. Sita zipake rangi ya kucha ya kijani, ziwe za ujuzi. Sita zipake nyeusi, ziwe za silaha na zana, kisha vidoti uvirudishie kwa ncha ya kijiti kilichochovywa rangi nyeupe. Paka upande mmoja mmoja na usubiri ukauke, la sivyo rangi inajikusanya pembeni na dadu inaegemea. Zetu zina mwaka wa pili sasa. Nyeusi moja imebanduka upande wa moja, na kila mtu anakataa kuirusha ikiwa silaha yake imebakiza dadu ya mwisho.